Kiti cha Mtaalamu wa Baridi

Hilkka Rannanperä alikuwa akilipwa mshahara ili aogope baridi ambayo hataiona. Haitaonwa naye, wala na mjukuu wa mjukuu wake, kama angekuwa na mjukuu. Chini ya mwamba wa pwani yao, ndani kabisa, watu walikuwa wamechimba pango la kuhifadhi taka za nyuklia, na kazi ya Hilkka ilikuwa kuuliza swali moja tu: enzi ya barafu ikirudi, itakuwaje? Ardhi itaganda hadi kina gani? Barafu ikirundikana juu ya nchi yote na kuikandamiza, mwamba utastahimili? Na siku itakapoyeyuka, maji yale yataingia nyufa zipi?

Kwa maswali hayo yote Hilkka alikuwa na majibu. Muulize hali ya hewa ya miaka elfu sitini ijayo, atakuchorea. Muulize Jumamosi atafanya nini, ataguna.

Na Jumamosi ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Jumamosi hiyo Taisto Kallioniemi alikuwa anahama. Taisto ndiye dereva wa basi dogo linaloteremsha watu pangoni, na kwa miaka mingi Hilkka amekaa kiti cha mbele kando yake, asubuhi kushuka, jioni kupanda. Walikuwa wameelewana katika kila jambo, hasa kwa kunyamaza. Taisto alikuwa mtu wa kulijibu swali baada ya kona. Ukimwuliza habari za asubuhi mlangoni mwa handaki, utapata jibu mkishapinda mara moja, pengine mbili. Kila Jumapili alikuja kumpasulia kuni mama yake Hilkka, akanywa kahawa vikombe viwili, akashukuru, akaenda zake. Kijiji kizima kilikuwa kimeshawaoza zamani, waliobaki kujulishwa ni wao wawili tu.

Sasa uchimbaji umekwisha, safari za kushuka zimepungua, na mgodi wa dhahabu wa Kittilä, kaskazini kabisa, umemwita Taisto. Naye amekubali, kwa sababu hakuna aliyemwambia asiende.

Ila mwaka ulikuwa mwaka mrefu, na leo ilikuwa tarehe ishirini na tisa Februari. Siku hiyo, kwa mila ya huko, mwanamke ana ruhusa ya kumposa mwanamume. Mwanamume akikataa, sharti amlipe kitambaa cha kushonea sketi. Watu huicheka mila hiyo, lakini hakuna anayethubutu kuivunja. Hilkka alikuwa ameifikiria tangu Krismasi, akaipima kwa huku na kwa huku kama anavyopima mwamba, na usiku wa kuamkia leo akakata shauri. Hakumwambia mtu.

"Umevaa sweta ya Krismasi," mama yake alisema asubuhi, macho yakiwa kwenye bakuli la uji.

Mama huyo aliitwa Lempi, na kwa umri wake alitakiwa awe ameanza kusahau mambo. Hakuwa amesahau hata moja.

"Kuna baridi, mama."

"Jana kulikuwa na baridi kuliko leo, ukavaa ile yenye tundu kwenye kiwiko."

"Mama, usianze."

"Nianze nini? Nilianza miaka minne iliyopita, siku kama ya leo. Leo namalizia tu. Kula uji."

Hilkka akala uji. Hapo simu ya Lempi ikalia. Kwa kuwa masikio yake hayakuwa mazuri tena, Lempi alizoea kuifungua sauti nyumba nzima isikie.

"Lempi, umekaa?" Ilikuwa sauti ya Aune, mwenye duka la vitambaa. "Kaa kwanza. Nimejizuia wiki nzima nisiseme, lakini leo ni leo. Taisto wenu alikuja dukani."

"Taisto? Dukani kwako?"

"Kaja kanunua sufu nyekundu. Ile nzito, ya sketi. Kipande cha kumtosha mwanamke mnene pamoja na dada yake! Nikamwuliza, ya nini? Akaniambia, ya kazi. Nikamwangalia. Kazi gani, Lempi? Wiki moja kabla ya siku ya leo, mwanamume ananunua kitambaa cha sketi kwa kazi ipi nyingine? Huyo kajiandaa. Akiposwa tu, anakitoa hicho. Sasa mwambie binti yako asije akaenda kujiaib..."

Lempi aliikata simu, lakini alikuwa amechelewa.

"Labda ni pazia," Lempi akasema.

"Taisto hana pazia, mama. Hajawahi kutaka pazia."

"Watu hubadilika."

"Taisto?"

Hilkka akasuuza bakuli lake, akaingia chumbani, akatoka amevaa sweta yenye tundu kwenye kiwiko. Alijiona mjinga. Aliona aibu peke yake, ile aibu mbaya zaidi ambayo haina hata wa kuichekea pamoja.

Alipofika kazini hakwenda kwenye gari. Alimwandikia Taisto kwenye simu: Leo sishuki asubuhi, nina wageni. Baada ya muda likaja jibu: Sawa. Na baada ya muda mrefu zaidi likaja lingine: Gari liko tayari. Hilkka akaona ni maneno ya dereva tu, akaiweka simu kifudifudi.

Wageni wenyewe walikuwa kweli, tena aliwaalika mwenyewe, siku alipokuwa bado ana akili. Chama cha akina mama wa kushona wa kanisa lao walikuwa wameomba waje walione pango kabla halijaanza kupokea taka. Wakaja mchana, wanane, kofia za sufu vichwani. Aune alikuwa wa kwanza kushuka, uso umejaa huruma ambayo Hilkka hakuitaka. Lempi alikuwa wa mwisho, amevaa kofia ya Jumapili.

Hilkka akawaweka ukumbini, akaonyesha picha zake. Akawaeleza kwamba barafu iliwahi kuifunika nchi hii yote, unene wa kufunika milima, ikaikandamiza chini. Ikaondoka zamani sana, na ardhi bado inajinyoosha mpaka leo, ndiyo maana bahari inawakimbia. Wote wakaitikia kwa vichwa. Hilo hawakuhitaji picha. Lempi alijifunza kuogelea mahali ambapo sasa pameota miti, na banda la mashua la babake Aune lilikuwa limesimama katikati ya majani, halijaona maji tangu Aune mwenyewe avae soksi za shule.

"Kwa hiyo imekuja, na itarudi," Hilkka akamaliza. "Na taka hizi lazima zikae salama wakati itakapokuja, itakapokaa, na itakapoondoka. Kuna swali?"

Akina mama wakaangalia viatu vyao. Mgeni wa kutoka mbali angedhani ameudhi watu, lakini Hilkka alizaliwa hapo. Alijua kwamba katika kijiji chao swali haliulizwi kabla mtu hajashika kikombe. Akaenda kumimina kahawa.

"Hiyo ardhi," Aune akaanza, mkate wa iliki mkononi, "ikiganda, itaganda mpaka wapi?"

"Kuna mahali duniani imeganda mamia ya mita. Hapa kwetu tunapiga hesabu haitafika lilipo pango."

"Mnapiga hesabu."

"Tunapiga hesabu, ndiyo."

"Na hesabu ikikosea?"

"Kuna udongo wa mfinyanzi. Kila mtungi wenye taka utazungushiwa udongo unaovimba ukilowa, maji hayapiti. Tumeugandisha makusudi, tukauyeyusha, ukarudi kufanya kazi yake."

"Na udongo ukichoka?"

"Mtungi wenyewe ni wa shaba. Shaba nene hivi."

"Na shaba nayo ikichoka?"

"Kuna mwamba, Aune. Umekaa hapo tangu kabla ya samaki."

"Mnamwona?" Lempi akawaambia wenzake, akimwelekeza binti yake kwa kijiko. "Shaba, halafu udongo, halafu mwamba. Nilidhani ni mambo ya kazini, kumbe ni yeye mwenyewe. Huyu kajifungia humo ndani miaka yote, halafu anashangaa kwamba hakuna kinachopenya!"

Wakacheka, hata Hilkka akatabasamu kidogo. Sahani ilikuwa imebaki na mkate mmoja. Kwa kuwa hakuna mtu mwenye adabu anayechukua wa mwisho, mmoja alikata nusu akaacha nusu, mwenzake akakata nusu ya ile nusu, na sasa kilibaki kipande cha ukubwa wa kidole gumba ambacho Aune alikuwa akikipigia mahesabu ya kukikata tena. Ndivyo zinavyopungua nguvu taka zenyewe, Hilkka aliwaza, nusu kwa nusu, na sahani haiishi.

"Basi niambie jambo moja," Aune akasema, kisu hewani. "Kwa maandalizi yote haya, si ni kama mnaitamani hiyo barafu ije?"

"La," Hilkka akajibu upesi. "Kujiandaa si kutamani. Mtu hujiandaa kwa kile anachokiogopa."

Neno lenyewe likamrudia kama kofi. Mtu hujiandaa kwa kile anachokiogopa. Taisto alikuwa amekwenda dukani mapema, akanunua kitambaa kingi, kizito, cha kutosha hata hesabu ikikosea. Kumbe mimi ndiye barafu, Hilkka akawaza. Amenipima, ameona naja, akajikinga. Akageuka kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangika tayari.

Lempi akamwona. Safari hii hakutania. Alikuja akasimama kando yake, akamshika kiwiko pale penye tundu.

"Mwanangu. Kuna kulipwa sketi, na kuna kubaki bila sketi na bila jibu. Baba yako nilimposa mimi mwenyewe."

Hilkka akageuka. "Mama! Hujawahi kusema."

"Hukuwahi kuuliza. Wewe unauliza mambo ya miaka laki moja."

Nje honi ikalia mara moja, kwa upole. Gari lilikuwa limefika.

Akina mama wakatoka wakapanda nyuma mmoja mmoja, wakibanana kwa makusudi. Huko nyuma kulikuwa na nafasi ya watu kumi, lakini wote walijitandaza na mikoba yao hata ikabaki nafasi moja tu, ya mbele. Taisto alikuwa ameshika usukani, kofia imevutwa mpaka kwenye nyusi. Hilkka akafungua mlango wa mbele, akasimama.

Kiti chake kilikuwa chekundu.

Kilikuwa kimevishwa sufu nyekundu, nzito, ya sketi. Kilivishwa kuanzia mahali pa kukalia, mgongo mzima, hadi mahali pa kuegemeza kichwa, na chini kilining'inia kipande kirefu cha kufunikia miguu. Kilishonwa kwa uzi wa nyavu za samaki, mishono mikubwa kama ya kushonea gunia.

"Yesu wangu," Aune akasema kutoka nyuma. "Sufu yangu!"

"Nyamaza, Aune," wakasema wote kwa pamoja.

"Panda," Taisto akamwambia Hilkka. "Baridi inaingia."

Akapanda. Akafunga mlango. Gari likaingia kinywani mwa handaki, taa za ukutani zikaanza kupita, na nyuma yake wanawake wanane walikazia macho mwamba kana kwamba kila jiwe lina habari zao.

"Hiki ni nini?" Hilkka akauliza.

Wakapinda kona.

"Kiti," Taisto akasema.

"Naona ni kiti."

Wakapinda tena.

"Unasikia baridi," Taisto akasema. "Asubuhi. Miaka yote. Unakunja miguu hivi, mpaka tufike chini kwenye joto." Kwa Taisto hiyo ilikuwa hotuba, na haikuwa imekwisha. "Sasa mimi naondoka. Atakayekuja hatajua. Nikaona, basi, angalau kiti kijue."

Hilkka akaipapasa ile mishono mikubwa. Tangu aanze kazi, wenzake wamevunja vichwa mikutanoni: watu watakaokuja baada ya barafu, wasiojua lugha yetu wala majina yetu, tuwaachie nini ili wasidhurike? Walikuwa wamefikiria minara, michoro, maandishi ya kuchongwa. Na huyu hapa, kwa ajili ya mtu mmoja mwenye miguu ya baridi, alikuwa amechukua sindano na uzi wa nyavu.

"Umeshona mwenyewe?" akauliza.

"Inaonekana?"

"Inaonekana sana," Lempi akasema kutoka nyuma, akapigwa kiwiko.

"Taisto. Unajua leo ni tarehe ngapi?"

"Alhamisi."

"Siku najua. Tarehe."

Wakapinda kona. Gari likapunguza mwendo. Taisto alikuwa anahesabu, midomo ikicheza, na Hilkka akaona masikio yake yakianza kubadilika rangi chini ya kofia mpaka yakafanana na kiti.

"Kumbe ndiyo maana Aune aliniangalia vile," akasema. "Nilidhani ni kwa sababu ya rangi."

Nyuma mtu alijifanya kukohoa. Hilkka akaishika sufu magotini kwa mikono miwili. Ilikuwa ya joto. Aliogopa, aliogopa kuliko alivyowahi kuiogopa barafu, kwa sababu barafu ilikuwa mbali na mtu huyu alikuwa hapa, na baada ya kesho kutwa hatakuwapo. Hakuwa na udongo, hakuwa na shaba. Alikuwa na sweta yenye tundu.

"Taisto Kallioniemi," akasema, na sauti ikatetemeka, akaiacha itetemeke. "Hili sikulipigia hesabu vizuri. Nililipigia, halafu asubuhi ya leo hesabu zikaharibika. Mimi nataka uwe kando yangu kwenye gari na nje ya gari. Nimekuja kukuposa."

Wakapinda kona. Taisto hakujibu. Wakapinda ya pili, hakujibu. Ya tatu, na Aune alikuwa amemshika Lempi mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Kona zikaisha. Mbele kulikuwa na ukuta wa mwamba, mwisho wa njia, mahali ambapo siku moja mitungi itapita kwenda kulala. Taisto akasimamisha gari, akazima injini, akavua kofia.

Akakiangalia kile kiti, taratibu, kutoka juu hadi chini kwenye kipande cha miguu.

"Kitambaa nimekikata chote," akasema.

"Nini?"

"Chote, Hilkka. Hakikubaki hata cha leso." Akamtazama sasa, na alikuwa akicheka, yule mtu ambaye huwa hacheki kabla ya Jumapili. "Nikikukatalia, nitakulipa nini?"

Nyuma Lempi akafungua mkoba, akatafuta leso yake, akapenga kamasi kwa kelele zote anazoruhusiwa mjane wa umri wake. Hilkka alikuwa analia na kucheka pamoja, hajui lipi lilitangulia, na mkono wa Taisto ulikuwa umeuzunguka mkono wake juu ya sufu.

"Na Kittilä?" akauliza.

"Kule kuna baridi," Taisto akasema, bila kungoja kona.